Ndani ya Koti la Baba

Majuzi tulikuwa kwenye mazoezi, sisi watu wa bendi, na kijana wetu wa ngoma akatoa chupa ya dawa ya kuchua akaanza kujipaka begani. Alikuwa amelala vibaya, alisema. Ile harufu ya mikaratusi iliponifikia, vidole vyangu vya mkono wa kushoto vilijikunja vyenyewe vikashika nyuzi ambazo hakuna aliyeniambia nizishike, na jasho likaanza kunitoka shingoni. Nilimwambia akajipakie nje. Alinitazama kama mtu aliyeonewa, na kweli alikuwa ameonewa, lakini nikiwa na harufu hiyo puani siwezi kukaa wima nikapiga gitaa. Mwili unataka kuinama ujibanze mahali.

Watu huniuliza nilijifunzia wapi kazi hii, hasa kwa vile huku kwetu mwanamke akionekana kwenye bendi hutarajiwa aimbe tu na kuzungusha kiuno. Mimi hujibu kwamba nilifundishwa na baba, basi. Wanaridhika. Naona kabisa wanavyotengeneza picha kichwani, baba na binti wamekaa uani, kuku wanapita, mambo ni mazuri. Sina haja ya kuwaharibia. Lakini ninyi wa rika langu, mliokuwa mkianika betri za redio juu ya mabati ili zipate nguvu ya kumalizia salamu za jioni, ninyi nitawaeleza ilivyokuwa.

Baba alikuwa mpiga solo. Kwetu ni pale chini ya Tawa, mahali ambapo milima inaachia njia na ukame unaanza, na yeye alikuwa anajulikana kuanzia hapo hadi Kasikeu. Hata Zombe, kule Kitui, waliwahi kumwita kwenye sherehe, na safari hiyo aliizungumzia miaka mingi kama watu wengine wanavyozungumzia Nairobi. Alikuwa mrefu, mwenye maringo kidogo, na alikuwa na koti moja la kahawia, zito, la mitumba, ambalo alilivaa akipiga hata jua likiwa la kupasua mawe. Alisema mpiga gitaa bila koti ni mtu anayekuna ubao.

Kisha stroke ikampata. Alipelekwa hospitali Machakos akiwa amebebwa, akarudi akitembea kwa fimbo, lakini mkono wa kushoto haukurudi naye. Ulikuwepo, unaning'inia, ila wakubwa walisema umekufa. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la nne au la tano, na vitu vilivyokufa nilivyovijua vilikuwa mbuzi, mbwa na nyoka, na vyote vilinuka. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nasogea karibu na mkono wa Baba na kuunusa. Ulinuka dawa ya kuchua tu, ile ambayo Mwaitu, mama yangu, alimpaka akipanda na kushuka kutoka begani mpaka kwenye kucha. Nikaamua kwamba dawa hiyo ndiyo inayouzuia usioze, na Mwaitu akichelewa kuupaka nilikuwa silali vizuri.

Gitaa lilikaa ukutani muda mrefu likishika vumbi. Mutinda, rafiki yake aliyekuwa anapiga bezi, alikuja mara nyingi kumsalimia, na wote wawili walikuwa wanajitahidi sana wasiliangalie. Halafu siku moja, Mwaitu akiwa jikoni, Baba aliniambia nilishushe. Aliliweka mapajani, akapitisha vidole vya mkono wa kulia kwenye nyuzi zikiwa wazi, sauti ikatoka mbaya. Mimi nilikuwa nimesimama upande wake wa kushoto nikingoja kulirudisha ukutani.

"Leta mkono," akasema.

Alichukua vidole vyangu akavipanga kimoja kimoja juu ya nyuzi. Akaniambia nibonyeze kwa nguvu. Nilibonyeza mpaka nikaona machozi, na yeye akapiga, na gitaa likasema kitu cha maana kwa mara ya kwanza tangu augue. Alicheka. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa bado umelegea lakini alicheka, na mimi nikacheka pia, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuwa muhimu namna hiyo. Nilipoingia jikoni kumweleza Mwaitu, nilimkuta analia juu ya sufuria. Nilidhani ni moshi.

Furaha hiyo ilidumu kiasi. Baba hakuwa mtu wa kucheza na kazi. Alinifundisha mishiko mitatu, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakusoma muziki popote, aliipa majina yake: Nyumbani, Mbali, na Kurudi. "Nyumbani. Kaa hapo. Mbali. Sasa Kurudi, usikimbie, Kurudi." Kila siku baada ya shule nilikuwa nakaa ubavuni pake, mkono wangu kwenye shingo ya gitaa, yeye anapiga na mimi nashika, mpaka mbuzi wanarudi. Vidole viliota sugu. Baadaye akaanza kunifundisha zile njia ndogondogo za solo, zile zinazopanda na kushuka haraka, na hapo ndipo nilipojua kwamba sitatoka ubavuni pake.

Maana mkono ule ulianza kuwekewa sheria. Nisipige jembe, utapata malengelenge mahali pabaya. Nisitwange muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa kinuni. Nisiende mtoni kufukua mchanga kutafuta maji, kucha zitavunjika. Mkisikia hivyo mtadhani nilidekezwa, na hata kaka yangu mdogo, Kyalo, alidhani hivyo, alikuwa ananiita mke wa chifu. Lakini muthokoi kwetu walitwanga wasichana wa jirani pamoja, kwenye kinu kimoja, mchi ukipokezanwa, wakisengenya na kucheka mpaka mmoja anaangukia ungo. Mtoni walienda na punda, wakati maji yanajaa polepole kwenye shimo wao wanaviringishana mchangani. Kyalo alirudi na mchanga hadi masikioni. Mimi nilikuwa naviona hivyo vyote kutoka kwenye kiti, nimeshikilia Mbali, nikingoja kuambiwa Kurudi. Niliwaonea wivu watu waliobeba maji.

Siku moja Mutinda alikuja na habari. Mama Nduku, mwenye hoteli ile ya kona pale sokoni Tawa, alikuwa anataka mtu wa kupiga kwenye baraza yake siku za soko, wateja wakae. Mutinda alikuwa ameshatusikia tukipiga. "Mzee, twende hivyo hivyo na mtoto," akasema. "Watu wakiona ni mkono wa mtoto, watajaa mpaka barabarani."

"Watajaa kutazama," Baba akasema. "Mimi sitaki kutazamwa. Nataka kusikilizwa."

Ndipo lilipotoka lile koti. Sijui aliwaza usiku ngapi, lakini alipoeleza, kila kitu kilikuwa tayari kichwani mwake. Mkono wake uliokufa utaingia mfukoni mwa suruali. Mimi nitakaa nyuma yake upande wa kushoto, juu ya kreti ya soda, ndani ya koti, na mkono wangu utapita kwenye mkono wa koti utokee kwenye gitaa. Mwaitu akashona upindo wa mkono ule urefuke, unifunike mpaka kwenye vifundo vya vidole. Na kwa kuwa mkono wa mtoto hung'aa, niliambiwa nisiupake mafuta tena. Ukiwa mkavu, Baba alisema, utaonekana wa mtu mzima. Basi nikawa mtoto wa ajabu shuleni, mkono wa kulia unang'aa, wa kushoto mweupe kama umetoka kwenye unga. Waliuliza, nikasema ni ugonjwa. Nilikuwa nimeapishwa nisiseme.

Mtu asiyewahi kukaa ndani ya koti la mtu mwingine Tawa saa nane mchana hawezi kujua ninachozungumzia. Mabati ya baraza yalikuwa yanalia kwa joto. Kreti ilinikata mapaja. Shavu langu lilikuwa limebanwa kwenye mgongo wa Baba, shati lake limelowa, pua yangu imejaa jasho na dawa ya kuchua, na mbele yangu giza la kahawia tu. Ukiwashwa, unawashwa. Ukitaka kwenda haja, unabana. Kukohoa nilikatazwa. Mkono peke yake ndio ulikuwa nje, unapigwa na upepo, na nilikuwa nauonea wivu mkono wangu mwenyewe.

Kwa kuwa nilikuwa sioni, na Baba hakuweza kuniambia Mbali au Kurudi mbele ya watu, nilijifunza kumsikiliza kupitia mbavu. Kabla hajabadilisha alivuta pumzi kidogo. Akitaka kwenda solo, bega la kulia lilishuka kwanza. Nilihisi kidole gumba chake kikigonga ule uzi mnene wa gitaa hata kabla mlio haujatoka. Hivyo ndivyo nilivyojifunza mkono wa kulia, bila kuuona, kwa shavu. Nilipokuja kushika gitaa langu mwenyewe, wazee waliomjua Baba walisema huyu anakwaruza kama yule, na mimi nilikuwa sijawahi kumtazama akipiga tangu augue. Mpaka leo vijana wa bendi wanahesabu, moja mbili tatu, ndipo waingie. Mimi nangoja mtu avute pumzi.

Lakini wakati ule sikuwaza mambo ya baadaye. Niliwaza hofu. Nilikuwa naamini kabisa kwamba nikiutoa mkono ule hata kidogo, watu wataona mkono wa koti umekuwa mtupu, watajua, na Baba ataaibika mpaka afe. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba akipiga anakuwa mzima, na tukimaliza mdomo unalegea tena. Mtoto anaunganisha vitu. Niliunganisha nikapata kwamba uhai wake unapitia kwenye kiganja changu, na hilo sikumwambia mtu yeyote, hata Mwaitu.

Miaka ikaenda, nami nikakua. Hapo sasa ni kichekesho, naona leo, ila wakati ule sikuona cha kucheka. Kadiri nilivyorefuka, Baba alizidi kuota kibyongo. Magoti yangu yalichomoza upande. Watu pale hotelini walikuwa wanasema, "Mzee, huo mgongo wako unanenepa," na Baba anajibu, "Ni uzee," na wote wanacheka sana, na mimi ndani nimeganda, nikimshukuru Mungu kwamba hawajagundua. Kila siku ya soko Mama Nduku alituma chapati mbili. Moja aliiweka kulia kwa Baba na nyingine kushoto, karibu na pindo la koti. Baba alikuwa ananipitishia hiyo ya kushoto ndani, naila gizani. Nilidhani Mama Nduku anampenda mpiga gitaa wake mpaka anamzidishia.

Nilipomaliza darasa la nane, jina langu lilitoka kwenye shule ya wasichana kule Kitui, ya bweni. Mwaitu aliimba siku hiyo nzima. Mimi nilienda nyuma ya choo nikajipiga kifua kwa furaha, halafu nikakumbuka Baba, furaha ikaniisha papo hapo. Nani angekaa kwenye koti? Kyalo alikuwa hawezi kutulia hata kunyolewa. Nilingoja Baba aseme kitu. Sanduku likapatikana kwa shangazi, sare ikashonwa, yeye kimya.

"Baba Mwikali," Mwaitu alimwambia jioni moja tukila, akimwita kwa jina langu, "shule inafunguliwa."

"Nimesikia."

"Umesikia ukasemaje?"

"Nimesema nimesikia."

Mwaitu aliweka sahani chini polepole. Niliutazama mkono wangu wa kushoto, mkavu, umepasuka kwenye viungo, na niliuchukia. Nasema ukweli, nilitamani ufe kama wake ili niachiwe. Usiku ule niliota niko darasani Kitui, mwalimu ananiuliza swali, na nikiinua mkono kujibu hautoki, umeshikwa.

Siku ya soko ya mwisho kabla shule kufunguliwa, tulienda Tawa kama kawaida. Mutinda alimbeba Baba kwa pikipiki, mimi nikatembea na gitaa na koti. Nikaingia ndani, nikajikunja, sasa ilibidi nikae karibu kama chura. Tulipiga nyimbo za mwanzo. Hakuna aliyetaja shule. Niliwaza, basi imepita hivyo, nitakaa humu mpaka nizeeke, kibyongo cha mtu.

Kati ya wimbo na wimbo Baba alikuwa na kawaida ya kunywa chai na kupiga gumzo na watu waliokaa upande wa kulia. Mimi nilitakiwa kuuacha mkono kwenye shingo ya gitaa, usicheze. Ndipo mtu akaushika. Nilishtuka, nikavuta, lakini alikuwa ameushika vizuri, kwa mikono miwili ya moto. Nilisikia harufu ya vitunguu na chai hadi ndani ya koti, nikajua ni Mama Nduku. Akafungua kitu. Kisha akaanza kunipaka mafuta. Alipaka kiganja, akapaka kila kidole mpaka katikati ya vidole, akasugua zile nyufa kwenye viungo kama anavyomsugua mtoto wake siku ya kanisa. Hakuharakisha. Halafu akanirudishia mkono pale pale kwenye gitaa, akaupapasa mara moja, akaenda zake.

Niligawanyika humo ndani. Hakuna mtu anayempaka mzee mafuta mkononi mbele ya hoteli nzima. Alijua. Na kama yeye alijua, basi zile chapati, na kile kicheko cha mgongo unaonenepa, na wale watoto waliokuwa wakipita karibu na kreti wakinong'ona na kunyamazishwa na mama zao, wote walijua, na walijua tangu zamani. Mlidhani nitafurahi? Nilikasirika nikataka kupiga kelele. Miaka yote hiyo nimebana pumzi na haja na kikohozi kulinda siri ambayo soko zima lilikuwa nayo. Tuliobaki bila kujua kwamba watu wanajua tulikuwa wawili tu, mimi na yeye.

Baba akaweka kikombe chini, akavuta pumzi, tukaanza. Nilishika Nyumbani, vidole vikateleza. Mafuta. Nilibonyeza tena, vikateleza tena, na tulipofika kwenye ile njia ya solo mkono wangu ulishuka wote kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Mutinda aliendelea na bezi peke yake kidogo, kisha naye akaacha. Nilihisi shingo ya Baba ikigeuka kushoto. Aliutazama ule mkono. Ulikuwa unang'aa, na mwanga wa saa tisa unaupiga vizuri, mkono wa msichana, hauwezi kuwa wa mtu mwingine.

Hakuvuta pumzi kwa muda mrefu sana. Niliogopa.

Halafu akasogea kwenye maiki. Sauti yake niliisikia mgongoni kabla haijafika kwa watu.

"Huu mkono," akasema, "unaenda shule Kitui."

Kisha nikamsikia Mama Nduku kutoka mlangoni, hajapaza hata sauti. "Tunajua, Baba Mwikali. Mwache basi mtoto atoke apate hewa."

Alianza kufungua vifungo kwa mkono wa kulia. Vilikuwa vigumu na alikuwa hana mkono wa kumsaidia, kwa hiyo ilichukua muda, na watu walingoja. Mwanga ukaingia. Nikaona sakafu ya saruji, miguu ya meza, viatu vya watu wengi vimeelekea kwetu.

"Toka, mwiitu wakwa, binti yangu," akasema, sasa kwa sauti ya kwangu peke yangu. "Umemaliza."

Tangu siku ya kwanza ndani ya koti nilikuwa nimeomba kuambiwa hivyo. Lakini shavu langu lilikuwa bado mgongoni mwake, na mgongo ulikuwa unatetemeka, na hakuna mtu mwingine hapo aliyekuwa anaweza kujua. Nilipitisha mkono wangu wa kulia kiunoni mwake, nikavuta koti litufunike tena, nikakataa kutoka.